Kabla ya Kugawana Chumba, Wekeni Hesabu Mezani

Kila mwaka ikikaribia Julai, ujumbe unaanza kuingia kwenye simu yangu. "Dada, nimepata chuo Marekani, naanza Septemba. Unamjua mtu wa nyumbani anayetafuta wa kukaa naye?" Huwa nawajibu kwa swali: ukimpata, utamuuliza nini? Majibu yanafanana. Kama ni msafi. Kama anapiga kelele. Kama anakunywa. Kama anasali. Kuna mmoja aliniambia yeye anataka mtu anayekula ugali tu, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Hajatokea hata mmoja wa kuniambia kwamba atamuuliza mwenzake anatuma kiasi gani nyumbani kila mwezi. Na hilo ndilo swali ambalo mimi mwenyewe, mhasibu mzima, sikuliuliza. Lilinigharimu dola 1,100, na lilimfanya mdogo wangu arudishwe nyumbani kutoka shule miezi miwili kabla ya mtihani wake wa kidato cha sita.

Leo nalieleza jambo hili lote, pamoja na hesabu zake, ili wewe unayetafuta mtu wa kukaa naye usianze pale nilipoanzia mimi.

Tulikotoka tulibebana

Shahada yangu ya biashara niliisomea Dar es Salaam. Waliopita Mabibo Hosteli wanalijua neno "kubebana". Mwenye kitanda ni mmoja, wanaolala ni wawili, na kwenye karatasi za chuo yule wa pili hayupo. Mwaka wa kwanza nilibebwa, mwaka wa pili nikambeba mwingine. Hatukuandikiana chochote. Bumu likitoka tunakula chipsi mayai, likikata tunarudi kwenye wali maharage wa mama ntilie na kusubiri.

Kubebana kulifanya kazi kwa sababu moja ambayo wakati ule sikuiona: hakukuwa na mtu wa kutudai kila mwezi. Kitanda kilikuwa kimeshalipiwa. Mwenzangu akiwa hana hela, kinachopungua ni chakula, na chakula tunagawana. Kwa hiyo nikakua nikiamini kwamba mtu wa kukaa naye ni suala la tabia na roho nzuri, basi. Kuongelea pesa na mtu ambaye mnalala chumba kimoja niliona ni ubahili, au kumshuku.

Nikapanda ndege na imani hiyo.

Lowell, Septemba 2014

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya uhasibu Massachusetts. Mwaka wa kwanza nilikaa bweni la chuo, ambapo chuo kilinipangia mwenzangu wa chumba na kila mmoja alilipa kitanda chake. Mwaka wa pili nikaona bei ya bweni inanimaliza. Nikatafuta nyumba ya vyumba viwili mjini Lowell, kilomita kama 40 kutoka Boston. Mji ule una Wakenya wengi, unga wa ugali unapatikana, na siku za kwanza unasahau kidogo kwamba uko mbali.

Mwenzangu nilimpata kanisani kwa rafiki. Yeye alikuwa dada wa Mombasa, Mwislamu, mpole, anapika pilau ya kukufanya ukae kimya. Tulionana mara mbili, tukacheka sana, tukasaini mkataba.

Kodi ilikuwa dola 1,100 kwa mwezi, kila mtu 550. Kuingia tulilipa mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho na amana ya mwezi mmoja. Jumla 3,300, kila mtu 1,650. Mkataba ni wa mwaka, kuanzia Septemba mosi mpaka Agosti 31, kama ilivyo desturi ya maeneo ya Boston. Tulisaini wote wawili kwenye karatasi moja. Kumbuka hiyo karatasi moja, nitairudia.

Kwa miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Tukaingia msimu ule wa baridi wa 2015, ambao Boston ilivunja rekodi yake ya theluji. Treni zilisimama, masomo yaliahirishwa, hita ilikuwa inawaka usiku na mchana. Siku hizo ndipo mwenzangu aliponiambia, bila kunitazama usoni, "Mwenzangu, nipe wiki mbili hivi, nitakupa zote."

Nikalipa kodi yote ya Februari. Nilikuwa na dola 1,100 nilizoziweka pembeni tangu kazi za likizo, ada ya mdogo wangu ya kumalizia kidato cha sita. Nikatoa 550 humo nikijua zitarudi.

Wiki mbili zikapita. Machi ikafika. Nikampigia mzee mwenye nyumba nikamweleza kwamba nusu yangu iko tayari, nusu nyingine amdai mwenzangu. Hakuwa mtu mbaya. Alinijibu taratibu kabisa kwamba yeye hana wapangaji wawili, ana mkataba mmoja na kodi moja. Ikikosekana nusu, imekosekana kodi, na barua ya kudai itakuwa na majina yote mawili.

Nikatoa 550 nyingine. Ada ikawa imekwisha. Kwa viwango vya wakati ule ilikuwa karibu milioni mbili za Kitanzania.

Maziwa yenye majina

Sasa nikuambie nyumba inavyoharibika. Hatukugombana kuhusu kodi. Tuligombana kuhusu maziwa. Nilianza kuandika jina langu kwenye chupa ya maziwa. Yeye akahamisha masufuria yake chumbani. Nikawa nahesabu dakika anazooga. Yeye akawa anarudi usiku nikiwa nimelala, anatoka kabla sijaamka. Watu wawili wa pwani moja ya Bahari ya Hindi tulipitana koridoni kama wageni kwenye lifti.

Kichwani nilishamhukumu: mwizi, mjanja, anakula hela zake mahali. Nilimwona amevaa viatu vipya vya theluji nikasema, ahaa, kodi yangu hiyo.

Siku mama alipopiga simu kuniambia mdogo wangu amerudishwa kwa ajili ya ada, nilimsubiri jikoni mpaka saa saba usiku. Alipoingia nilimwambia kila kitu, na sauti haikuwa ya chini. Alikaa kwenye kiti, hakuvua hata koti. Akasema:

"Baba hajiwezi tangu Novemba. Anasafishwa figo mara mbili kwa wiki. Nikilipa nyumba, yeye hasafishwi."

"Si ungeniambia!"

"Ningekwambia nini, na wewe pia watuma?"

Viatu alipewa msikitini.

Tulikaa jikoni mpaka karibu alfajiri. Nilifungua kompyuta, nikachora safu mbili: zinazoingia, zinazotoka. Kwa viza ya mwanafunzi aliruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini Massachusetts mwaka ule kilikuwa dola 9 kwa saa. Saa 20 mara dola 9 mara wiki 4 ni dola 720. Nyumbani alikuwa anatuma 500. Zinabaki 220 za kodi, chakula, bili na simu. Kodi peke yake ni 550.

Hesabu ile isingekubali hata angekuwa malaika. Tangu Septemba kodi yake ilikuwa inatoka kwenye akiba ya likizo, na akiba iliisha Januari. Kama ningeiona safu ile Agosti kabla ya kusaini, ningejua kwamba tutakwama. Nilikuwa nahesabu vitabu vya watu kwa mazoezi kila siku darasani, na vya nyumba yangu sikuvifungua.

Tulivyojinasua

Tulifanya mambo matatu.

Kwanza, tukahamia chumba kimoja sisi wawili, na chumba cha pili tukatafuta mtu wa tatu. Hatukumwingiza kimyakimya, yaani ile kubebana ya Mabibo. Mikataba mingi inakataza kumweka mtu ambaye hayumo kwenye karatasi, na ukikamatwa unaweza kupoteza nyumba. Tulimwomba mzee ruhusa kwa maandishi, akakubali na kuliongeza jina la mwanafunzi wa tatu. Yule aliyekuwa na chumba peke yake alilipa dola 500. Sisi tuliobanana tulilipa 300 kila mmoja. Jumla ni ileile 1,100. Angalieni hapo: mgawanyo wa haki siyo lazima uwe sawasawa kwa kila mtu. Mwenye nafasi kubwa alipe zaidi.

Pili, deni lake kwangu tuliliandika. Dola 1,100, atalipa 100 kila mwezi kwa miezi 11, kuanzia Aprili. Ya mwisho aliilipa Februari 2016, tukiwa tumeshatengana makazi miezi mingi. Hakuchelewa hata mara moja. Nadhani karatasi ile ilimsaidia yeye kuliko mimi, maana deni lisilo na mwisho ndilo lililokuwa linamfanya anikimbie.

Tatu, na hili lilikuwa gumu zaidi, aliwapigia ndugu zake akawaambia ukweli. Huko wote walijua "yuko Marekani", kwa hiyo hawezi kukosa. Kaka yake aliyekuwa Doha alishtuka kusikia mshahara wake halisi. Wakagawana matibabu ya mzee. Yeye akabaki na kutuma 150.

Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tatu. Mjomba alikopa, akalipa, mtoto akarudi akafanya mtihani. Alifaulu, ila siyo kwa alama tulizozitarajia. Sitasema ni kwa sababu ya wiki zile tatu. Lakini nazikumbuka.

Maswali matano kabla ya kusaini

Jambo nililojifunza ni hili: sisi tunaotuma pesa nyumbani hatukai wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili. Tunakaa na familia zetu zote. Mgonjwa wa mwenzako, harusi ya dada yake, shamba linalodaiwa kule kijijini, vyote vina sehemu kwenye kodi yenu. Hauwezi kuvizuia, ila unaweza kuvijua mapema. Uliza maswali haya, na wewe ndiye uanze kujibu kwanza, ili yasigeuke mahojiano ya polisi.

1. Kodi yako itatoka wapi, na itakuwa mkononi tarehe ngapi? Mfadhili, mzazi, kazi ya chuo, akiba? Kama ni akiba, inatosha miezi mingapi? Kama ni mzazi anayetuma kutoka nyumbani, fedha inachukua siku ngapi kufika?

2. Unatuma nyumbani kiasi gani, na nani wanakutegemea? Hauhitaji majina ya magonjwa. Unahitaji kiasi cha kawaida cha mwezi.

3. Ukikwama mwezi mmoja, utafanya nini? Jibu la "Mungu atasaidia" ni zuri, lakini liwe la pili. La kwanza liwe mtu, akiba au ofisi ya chuo yenye mfuko wa dharura.

4. Utakaa mpaka lini? Wengine wanamaliza masomo Desemba na mkataba unaisha Agosti. Wengine likizo ya kiangazi wanakwenda jimbo lingine kufanya kazi. Nani atalipa miezi hiyo?

5. Jiko, wageni, usafi na simu. Haya ndiyo watu wanayauliza, nami siyadharau. Nitayafikia.

Mtu akikasirishwa na maswali haya, umepata jibu lako. Na usidhani kwamba mtu wa nyumbani ni lazima awe bora kuliko mgeni. Mtu wa nyumbani anakupunguzia upweke, ila mnaweza kuoneana aibu mpaka mkaumia. Mwanafunzi wa Nepal au Ghana atakuuliza kuhusu pesa siku ya kwanza bila haya. Anzia ofisi ya makazi ya chuo na chama cha wanafunzi wa kimataifa, halafu msikitini, kanisani na kwenye vikundi vyetu. Na kama bado uko nyumbani, usimtumie mtu yeyote hela ya chumba ambacho hakuna unayemwamini aliyekiona kwa macho. Picha nzuri na bei ya chini sana ni dalili ya utapeli.

Soma karatasi mnayosaini

Kuna mikataba ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu na kitanda au chumba chake. Mabweni na majengo mengi ya wanafunzi Marekani yanaitumia. Mwenzako asipolipa, anadaiwa yeye. Bei yake huwa juu kidogo, lakini ile tofauti ni kama bima.

Ya pili ni karatasi moja kwa wote. Tafuta ndani yake maneno "jointly and severally". Maana yake mnadaiwa kwa pamoja, na pia kila mmoja peke yake anaweza kudaiwa kodi yote. Mkiwa wanne na watatu wakatoroka, aliyebaki anadaiwa ya wanne. Siyo ukatili wa mwenye nyumba, ndivyo karatasi inavyosema, na sahihi ni yako.

Hapo hapo mwangalie mdhamini. Wanafunzi wageni hatuna historia ya mikopo Marekani, kwa hiyo tunaombwa mtu wa kutudhamini, mara nyingi mjomba au binamu mwenye kazi. Kabla hajasaini, muulizeni mwenye nyumba: anadhamini sehemu yangu tu, au kodi ya nyumba nzima? Nimeona mjomba wa watu akidaiwa kodi ya kijana ambaye hajawahi hata kumuona.

Amana nayo ina sheria zake, na kila jimbo lina za kwake. Massachusetts, amana haizidi kodi ya mwezi mmoja, inatakiwa ikae kwenye akaunti ya peke yake yenye riba, na irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kuhama, ikiwa imepunguzwa madeni na uharibifu halali tu. Texas pia ni siku 30. California ni siku 21, na Minnesota ni wiki tatu. Piga picha na video ya kila ukuta siku ya kwanza, zenye tarehe, na wote muwe nazo. Halafu mkubaliane kati yenu: mmoja akihama katikati ya mkataba, sehemu yake ya amana analipwa na nani? Kwa kawaida mwenye nyumba hagawi amana nusunusu. Anayeingia ndiye anamlipa anayetoka, na mnaandika.

Walioko Uingereza, kwenu kuna jambo la ziada. Nyumba ambayo wote ni wanafunzi wa muda wote haitozwi Council Tax. Akihamia mtu mmoja ambaye siyo mwanafunzi, bili inakuja, ingawa kwa punguzo la asilimia 25. Kwa hiyo mwenzenu anayemaliza masomo Juni akaendelea kukaa, mjue mapema bili hiyo ni ya nani. Na kwa England, amana ya upangaji wa kawaida inatakiwa iandikishwe kwenye mpango wa kulinda amana ndani ya siku 30. Dai uthibitisho.

Kukaa bila kuchokana

Baada ya Machi ile, nyumba yetu ilikuwa na karatasi moja mlangoni mwa friji. Kodi, umeme, gesi ya hita, intaneti. Nani kalipa, nani anadaiwa, tarehe. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakaa dakika 20 na chai. Ukishajua kuna siku ya kulalamika, hauna haja ya kulalamika kila siku.

Bili zisiwe zote kwa jina la mtu mmoja. Umeme kwako, gesi kwangu, intaneti kwa yule. Bili ikiwa kwa jina lako na wenzako hawakulipa, deni ni lako na linaweza kukuharibia historia ya mikopo unayoijenga. Na mkubaliane nyuzijoto za hita. Wa Dar anataka nyumba iwe kama Machi ya Kariakoo, bili inakuja kama karo ya shule.

Jikoni, ulizeni kabla ya kupika. Mwenzangu hakula nguruwe, kwa hiyo masufuria yalitengwa tangu mwanzo na nyama tulinunua halali kwa wote, ikawa rahisi. Dagaa nilipika madirisha yakiwa wazi hata kwenye theluji, na mtu wa tatu alitushukuru. Vitu vya pamoja, kama mchele, mafuta, sabuni na karatasi za chooni, tulichangia dola 20 kila mtu kwa mwezi. Maziwa tukaacha kuyaandika majina.

Simu je? Wakati wa baridi Massachusetts iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8, kiangazi saa 7. Mama akiamka saa kumi na mbili asubuhi Dar na kupiga, Lowell ni saa nne usiku, mwenzako anasoma kwa ajili ya mtihani. Tumieni visikilizio. Na wageni: usiku mmoja ni mgeni, wiki mbili ni mpangaji. Anayezidi siku tatu mfululizo, wote wakubali kwanza.

La mwisho hapa ni akiba. Kabla hujaongeza kiwango cha kutuma nyumbani, jiwekee sehemu yako ya kodi ya mwezi mmoja ambayo haiguswi. Kwa kodi yetu ile ya 550, ukiweka dola 50 kila mwezi unaikamilisha kwa miezi 11. Nyumbani wakisikia unatuma kidogo mwaka wa kwanza, waeleze kwa nini. Mtoto aliyefukuzwa nyumba hatumi chochote.

Yakiharibika

Usisubiri mwezi wa pili. Mwenzako akisema "nipe wiki mbili", mpe, lakini siku hiyohiyo mkae na safu mbili, zinazoingia na zinazotoka. Mfungulie mlango wa kusema ukweli bila kumdhalilisha. Kama wewe ndiye umekwama, sema kabla ya tarehe ya kodi. Mtu anayeambiwa tarehe 20 ana siku kumi za kutafuta njia. Anayeambiwa tarehe mosi ana hasira tu.

Mkishindwa, vyuo vingi vina watu wa kupatanisha wanafunzi, na vingine vina msaada wa kisheria wa bure. Mzungumzeni na mwenye nyumba kwa maandishi kabla hajawaandikia yeye. Usihame tu na kuacha funguo mezani, sahihi yako haihami na wewe. Deni likikataliwa kabisa, kuna mahakama ya madai madogo. Massachusetts inapokea madai mpaka dola 7,000, na yale makaratasi ya friji na ujumbe wa simu ndio ushahidi wako. Na kwa wenye viza ya mwanafunzi: usikimbilie kazi za nje ya chuo bila kibali ili kuziba pengo la kodi. Kodi inaweza kulipwa mwezi ujao. Viza ikiharibika, masomo yako yote yako hatarini.

Namjibu wa mwaka huu

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniandikia, anakwenda Texas, amempata mwenzake wa Kigoma, "mtu safi sana, dada, tumepatana". Nimemtumia maswali matano. Baada ya siku mbili akarudi. Kumbe mwenzake anawasomesha wadogo zake watatu, na yeye mwenyewe ana mama anayemtegemea. Hawakuachana. Wameamua kuchukua nyumba ya vyumba viwili wakae watatu, kwa mikataba ya kila mtu na kitanda chake, na kila mmoja aweke akiba ya mwezi mmoja kabla ya Desemba. Nimemwambia hiyo ndiyo kupatana.

Yule dada wa Mombasa mzee wake aliishi miaka mingine minne. Kila Idi ananitumia picha ya sinia la pilau na neno moja tu, "Mwenzangu". Urafiki huo ninaushukuru. Ila ningependa tungeupata mwezi Agosti, kwa kalamu na karatasi, badala ya saa saba usiku mwezi Machi.

Kwa hiyo wewe unayesaini mwezi huu, mpigie leo huyo mtu wako. Mwambie kwanza wewe unatuma kiasi gani nyumbani. Halafu nyamaza, umsikilize.